Majibu kwa Maprofesa wa Baze

Kuanzia Jericho hadi Kayole, hakuna baze, yaani kijiwe cha mtaani, isiyo na profesa wake wa teknolojia. Shahada hana, na wala haihitaji. Ana simu yenye kioo kilichopasuka, ana sauti, na ana muda wa kutosha kati ya gari moja la kuosha na jingine. Akishamaliza habari za soka, Gor na Ingwe, anaingia kwenye mitambo: nani hasa alibuni M-Pesa, ule mnara juu ya ghorofa ya jirani unatufanya nini, wale waliopigwa picha za macho pale KICC wataishia wapi. Wasomi humcheka. Mimi simcheki, maana karibu kila dai lake lina harufu ya kweli. Kasoro yake ni kwamba anashuku vizuri, kisha anamkamata mtu asiyehusika.

Tuanze na M-Pesa, kwa kuwa hilo ndilo dai linalotolewa kwa uchungu zaidi. Linasema mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Mkenya, ndiye aliyebuni huduma hiyo. Safaricom ikamwibia wazo, na leo anasota mahali fulani huku wenyewe wakihesabu mabilioni. Jina la chuo hubadilika kulingana na msimulizi. Mara ni JKUAT, mara ni Strathmore, mara ni Moi. Hilo pekee lingetosha kututia shaka, lakini tuangalie karatasi.

Wazo lilitoka Vodafone, Uingereza, kwa bwana mmoja aitwaye Nick Hughes, aliyekuwa akitafuta namna kampuni ya simu inavyoweza kurahisisha mikopo midogo midogo. Shirika la misaada la Uingereza, DFID, lilitoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikachangia upande wake. Susie Lonie akatumwa Nairobi kusimamia kazi. Programu iliandikwa na Sagentia, kampuni ya kule Cambridge. Jaribio likaanza Oktoba 2005 kwa kushirikiana na Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, likiwa na maduka 8 ya mawakala na wateja wasiofika 500, katikati ya jiji, Thika, na Mathare. Hapo kwenye Mathare profesa angepaswa kunyamaza kidogo afikirie.

Kwa sababu lengo la jaribio lilikuwa dogo sana: mteja wa Faulu alipe mkopo wake kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi. Wateja hawakufuata maagizo. Walianza kutumiana pesa wao kwa wao. Mtu alimlipia mwenzake mkopo kama malipo ya kazi aliyofanyiwa. Wenye biashara waliyaweka mauzo ya siku kwenye simu ili wasilale na noti ndani ya nyumba. Waliosafiri waliweka pesa upande mmoja na kuzitoa upande wa pili, wasiporwe njiani. Wenye mradi walitazama haya yote, wakaweka kando ulipaji wa mikopo, na huduma iliyozinduliwa tarehe 6 Machi 2007 ilikuja na ujumbe mmoja tu: tuma pesa nyumbani. Kwa hiyo Mkenya aliyechangia ubunifu huu yupo kweli, ila si kijana mmoja aliyekesha na kompyuta hostelini. Ni mamia ya wakopaji wa kawaida, wa Mathare na Thika, walioifundisha kampuni bidhaa yake yenyewe, na hakuna aliyewaandikia hisa hata moja.

Na wizi je? Anayetaka mahali pa kuelekezea uchungu wake auelekeze kwenye leseni. Miaka yote hiyo jina na haki za M-Pesa zilikuwa mali ya Vodafone, na Safaricom ililipa ada ili izitumie. Hadi 2015 mitambo ya huduma ilikuwa Ujerumani, kwa hiyo mia mbili iliyotumwa kutoka Umoja One kwenda Umoja Two ilifanya safari ya Ulaya kwanza. Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilizinunua haki hizo mwaka 2020 tu. Hiyo ni hadithi ya mali, ina tarehe na ina sahihi. Hadithi ya mwanafunzi haina hata kimoja cha hivyo, na ndiyo maana hainunuliwi wala kuuzwa, inasimuliwa tu.

Dai la minara halihitaji muda mrefu. Wanasema 5G ndiyo iliyoleta korona, na hata kama siyo, basi inaleta kansa. La korona linakufa kwa kalenda. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mei 6 mwaka huohuo Eastleigh ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na wenye maduka wakabaki kutazama shata. Safaricom iliwasha 5G ya majaribio mwishoni mwa Machi 2021, zaidi ya mwaka mzima baada ya kile kisa cha kwanza.

Kansa ni swali la heshima zaidi. Mawimbi ya redio hayana nguvu ya kuvunja kemikali zilizo ndani ya seli. Mwanga wa jua la saa saba mchana pale Gikomba unayazidi kwa mbali. Ni kweli kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Profesa hulitaja kundi hilo kwa kishindo. Haongezi kwamba ndani yake zimo pia achari za mboga za kienyeji za Asia, na kwamba kuwekwa humo maana yake ni ushahidi mchache usiotosha kuhukumu wala kuachilia.

Lakini mtu wa Eastlands anayeogopa sumu kwa nini atazame juu? Jaa la Dandora limekuwepo tangu miaka ya sabini, na mwaka 2001 lilitangazwa kwamba limejaa. Malori hayakusikia tangazo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake yako Gigiri katika jiji hilihili, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichohesabiwa kimataifa kuwa cha sumu. Risasi hupunguza akili ya mtoto, na ikishapunguza hairudishwi. Betri, vioo vya runinga na nyaya zinazochomwa ili kutoa shaba ni sehemu ya moshi unaopanda pale. Hii ndiyo habari ya teknolojia na afya iliyo karibu nasi kuliko zote, na sijawahi kusikia baze ikiipigia kelele nusu ya inavyoupigia mnara. Mnara una mwenyewe wa kulaumiwa, kampuni tajiri yenye nembo ya kijani. Jaa ni la kaunti, na kaunti tumeizoea.

Sasa tuje kwa macho.

Kuhusu Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali uliopiga watu picha za macho pale KICC, kuna maprofesa wawili, na hawaelewani. Wa kwanza anasema ile mashine ya duara, Orb, ilinyonya nuru ya macho na kumwandikia mtu namba ya mnyama; waliosimama foleni wameuza roho. Wa pili anamcheka wa kwanza. Macho ni yangu, anasema, elfu saba nilikula, sijapofuka, nani amenidhulumu? Naona wa pili ndiye hatari zaidi, kwa sababu anaonekana mwerevu.

Wa kwanza tumjibu haraka. Orb ni kamera. Inaimulika mboni kwa mwanga usioonekana, jamaa ya ule unaotoka kwenye rimoti ya televisheni, inasoma michirizi iliyomo, kisha inaigeuza kuwa mfululizo wa tarakimu ambao ni wa mtu huyo peke yake. Hakuna kinachonyonywa. Wala si kweli kwamba ni Waafrika pekee waliopangwa foleni. Mashine hizohizo zilikuwa Ujerumani, Argentina na Uhispania, na Uhispania iliamuru zisimamishwe Machi 2024.

Wa pili anahitaji kukaa chini. Mradi huo, ambao Sam Altman wa OpenAI ni mmoja wa waanzilishi wake, ulizinduliwa duniani tarehe 24 Julai 2023. Aliyekubali kupigwa picha alipewa tokeni 25, ambazo wiki ile zilikuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Unga ulikuwa ghali, na ushuru mpya ulikuwa umeanza kuuma. Watu walipanda matatu mapema kwenda KICC, foleni ikazunguka jengo, na madalali wakajaa pembeni kununua tokeni za wasiojua kuzibadilisha. Tarehe 2 Agosti Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Kithure Kindiki, akasimamisha shughuli. Kufikia hapo zaidi ya Wakenya laki tatu walikuwa wameshasajiliwa.

Nani amemdhulumu, basi? Namba ya siri ya M-Pesa ikiibwa unaibadilisha kabla chai haijapoa. Mboni haibadilishwi. Ukiitoa mara moja umeitoa hadi kaburini, na yeyote atakayekuwa na zile tarakimu miaka 20 ijayo, awe kampuni iliyoinunua kampuni ya kwanza au mwizi aliyevunja hifadhi yake, bado atakuwa nazo zikiwa halali. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka taarifa ya aina hii katika daraja la taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya mtu iwe ya hiari kweli. Elfu saba mbele ya mtu ambaye kodi ya nyumba imemfikia shingoni si hiari ya kujivunia. Haya si maneno yangu peke yangu. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofikishwa na Katiba Institute na wenzake, iliona kwamba ridhaa ilipatikana kwa vishawishi na kwamba tathmini ya madhara inayotakiwa na sheria haikufanywa ipasavyo. Iliamuru taarifa zote za miili ya Wakenya zifutwe ndani ya siku 7, Kamishna wa Data akisimamia.

Profesa wa pili ana swali la nyongeza, na hili namkubalia nusu: sheria ilikuwa wapi wakati watu wakipanga foleni? Ilikuwapo, na hata ilizungumza. Ofisi ya Kamishna wa Data iliiandikia kampuni barua mwezi Mei 2023, miezi miwili kabla ya KICC, ikiitaka iache kukusanya taarifa. Barua ilifika, foleni ikaja. Polisi nao walichunguza, na Juni 2024 faili likafungwa bila mashtaka. Kwa hiyo anayesema serikali haikujua amekosea. Ilijua kwa maandishi. Kitu kilichokosekana ni mtu wa kwenda na barua hiyo hadi mlangoni akasimame pale.

Halafu kuna wale wanaodai tokeni zilikuwa hewa tupu. Wenye hasira hasa ni waliouza palepale getini. Machi 2024 tokeni moja ilipita dola 10, na aliyezishika zote 25 angepata zaidi ya shilingi 30,000 siku hiyo. Baadaye bei ilianguka vibaya. Simwambii mtu alipaswa kuzishika. Nasema tu kwamba dalali aliyezinunua pale nje alielewa biashara kuliko waliokuwa ndani ya foleni, na hilo huwa halisemwi kwenye baze, pengine kwa sababu dalali ni mtu tunayemjua.

Kutoka kwa Altman huyohuyo tunaingia kwenye akili unde. Kauli ya mtaani ni kwamba ile mashine imejifunza yenyewe, ni akili ya Wazungu, na sisi tutaletewa ikiwa imekwisha kutengenezwa, kama mitumba. Si kweli, na ukweli unauma zaidi ya uongo. Kabla ChatGPT haijatolewa Novemba 2022, ilibidi ifundishwe kutambua maandishi machafu ili isiyatapike mbele ya wateja. Kazi hiyo ilifanywa na vijana wa Nairobi, wafanyakazi wa kampuni ya Sama, katika ofisi za Barabara ya Mombasa, si mbali na Pipeline na Tassia. Walisoma maelezo ya ubakaji, mateso na watoto kunajisiwa, wakayawekea alama moja baada ya jingine, zamu nzima. Jarida la Time liliandika Januari 2023 kwamba walibaki na kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, huku mkataba ukisema OpenAI iilipe Sama dola 12.50 kwa saa. Sama ilijitetea kwamba kiasi hicho kilibeba gharama zote za mradi, majengo yakiwemo. Kila mtu na apige hesabu zake.

Upande wa pili wa ofisi kulikuwa na waliochuja picha na video za Facebook. Hao walikwenda mahakamani. Mmoja wao, Daniel Motaung, alishtaki mwaka 2022, na mwaka uliofuata wakafuata wenzake 184. Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilisema haiwezi kushtakiwa Kenya kwa kuwa haina ofisi hapa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa hoja hiyo. Daktari Ian Kanyanya wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta aliwapima waliochuja video hizo na kuwakuta zaidi ya 140 na ugonjwa wa akili unaowapata watu waliopitia mambo ya kutisha, ule ambao kwa kawaida tunauhusisha na wanajeshi. Kwa hiyo anaposema profesa kwamba akili unde ni ya Wazungu, namjibu kwamba faida ndiyo ya kwao. Jasho lake alipanda nalo matatu jana jioni.

Kuhusu akili unde kula kazi za watu, wanaotajwa kila mara ni fundi na mama mboga. Wao bado wapo. Walioguswa mapema Nairobi ni vijana waliokuwa wakikesha kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao za chuo kwa malipo, kazi iliyolipa kodi za nyumba nyingi kuanzia Roysambu hadi Donholm, na ambayo hakuna aliyeitaja kwa sauti mbele ya mzazi. Mashine inaziandika bure sasa. Sijui kama ni msiba. Ila ukisikia mtu akisema akili unde bado haijafika Eastlands, ujue hajaongea na hawa.

Limebaki la mtandao kuzimwa. Tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha, intaneti ililegea nchi nzima. Baze ikagawanyika tena: kuna swichi Ikulu, walisema hawa, ni nyaya za baharini, wakasema wale, wakirudia taarifa ya kampuni za simu.

Swichi moja haipo. Mtandao wetu haufanani na mfereji wa ploti ambao landilodi akikasirika anaufunga wote mkauke. Unaingia Mombasa kwa nyaya kadhaa, kama SEACOM, TEAMS na EASSy, kisha unagawanywa na kampuni nyingi. Na nyaya kweli hukatika. Tarehe 12 Mei 2024, wiki sita tu kabla, EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili karibu na Afrika Kusini, na simu za hapa zikakwama. Jioni ya Juni 25 hata Uganda na Burundi ziliguswa. Kwa hiyo anayetaja nyaya hatungi hadithi. Shida yake ni saa: mtandao ulidondoka alasiri ileile ambayo Bunge lilikuwa likiwaka, siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kutangaza kwamba haina nia ya kuuzima. Mtu mzima ana haki ya kuinua nyusi.

Hata hivyo si lazima mtu abahatishe, kwa kuwa njia halisi ya kuzima kitu nchini tumeiona ikitumika mchana. Wakati wa mtihani wa KCSE mwaka 2024, Mamlaka ya Mawasiliano iliziandikia kampuni za simu ikizitaka zifunge Telegram hadi mtihani uishe, na Telegram ikafungwa. Barua moja yenye nembo ilitosha, maana kila kampuni ina leseni na kila leseni ina aliyeitoa. Mei 2025 Jaji Bahati Mwamuye alitoa amri ya muda ya kuzuia mtandao kuzimwa au kuvurugwa kesi ikiendelea.

Wengine wamekwisha kuhamia kwenye tumaini jipya: Starlink, kwamba siku mtandao ukizimwa sahani ya Elon Musk itatuokoa. Nayo inafanya kazi Kenya kwa leseni ya Mamlaka ileile. Na setilaiti, hata ziwe elfu ngapi juu, hugawia kila eneo kiasi chake. Nairobi ilijaa mapema, na kuanzia Novemba 2024 hadi katikati ya 2025 mteja mpya wa jijini aliambiwa asubiri. Leo ukiipata, itakubidi uifunge juu kabisa ya ghorofa ya saba pale Pipeline mahali panapoona anga, na ufunguo wa paa anao keateka.